Twende Eyasi Tukavue

Ukisikia mtu anataja Karatu, unafikiri nini? Wengi hufikiri ngano, mahindi, baridi ya asubuhi, na magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro. Ni wachache wanaofikiri samaki. Hata Karatu mjini utakutana na mtu atakayekuambia kwamba samaki ni kitu cha Mwanza. Mwache. Pengine hajawahi kushuka bondeni.

Wilaya ya Karatu ina ziwa. Linaitwa Eyasi. Twende tukavue huko, wewe na rafiki zako watatu. Tutakwenda mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Tutaingia majini alfajiri, na kabla jua halijawa kali tutakuwa tumerudi nchi kavu. Huko ziwani kuna jambo mtakalotakiwa kuliamua ninyi wenyewe. Tutafika hapo.

KWA NINI TUSIENDE NGORONGORO?

Rafiki yako mmoja atauliza: "Kwa nini twende mbali? Si kuna ziwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro?"

Ni kweli, lipo. Ukisimama ukingoni mwa kreta utaliona chini, kiasi cha mita 600, liking'aa kama sinia. Linaitwa Ziwa Magadi. Lakini hilo ni ziwa la kutazama. Maji yake ni ya magadi makali. Tena limo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, na uvuvi hauruhusiwi humo. Ziwa Manyara nalo, upande wake wa magharibi umo ndani ya Hifadhi ya Taifa. Huko pia huwezi kupeleka wavu.

Basi tunashuka Eyasi.

Kutoka Karatu mjini hadi Mang'ola ni kiasi cha kilometa 50. Vaeni makoti wakati wa kuondoka, maana Agosti Karatu ni baridi. Lakini msishangae mkiyavua njiani. Mtakuwa mnashuka muda wote, na joto linapanda kadiri mnavyoshuka. Mkono wa kulia mtauona Mlima Oldeani. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake ni mwanzi, kwa sababu mianzi huota juu yake. Mkifika chini mtaona mikoche na migunga, halafu ghafla mtaona mashamba ya kijani kibichi. Hivyo ni vitunguu.

Vitunguu vya Mang'ola vinajulikana hadi Kenya. Vinamwagiliwa kwa maji ya chemchemi za Qangded. Je, maji hayo yanatoka wapi, na hali bondeni mvua ni haba? Yanatoka milimani. Mvua inanyesha juu katika misitu ya Ngorongoro na Oldeani, inazama ardhini, inasafiri chini kwa chini, kisha inatokea Mang'ola. Kumbuka maji haya. Tutayataja tena, kwa sababu tone lililoingia shambani haliingii ziwani.

Laleni Mang'ola. Msiende ziwani kabla ya kupita ofisi ya kijiji na kumwona afisa uvuvi. Uvuvi nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Anayevua awe na leseni, na chombo chake kiwe kimeandikishwa. Kuvua kwa sumu, kwa baruti au kwa umeme ni marufuku. Kokoro ni marufuku. Kuvua kwa chandarua cha mbu ni marufuku vilevile. Njia nzuri ni kwenda pamoja na mvuvi wa hapo mwenye leseni na mtumbwi. Wavuvi wengi wa Eyasi si wenyeji wa zamani wa Mang'ola. Wadatoga ni wafugaji, Wahadzabe ni wawindaji na warina asali, na Wairaqw ni wakulima na wafugaji. Uvuvi umevuta watu wa sehemu nyingine, hasa wa upande wa pili wa ziwa, Singida na Usukumani, ambao wamezoea maji tangu utoto.

ZIWA LINALOHAMA

Jioni, kabla ya kulala, mwenyeji wenu atawaeleza habari za ziwa lenyewe. Msikilizeni vizuri, kwa sababu Eyasi si kama Viktoria wala Tanganyika.

Ziwa Eyasi halina mto unaotoka. Maji yanaingia tu. Mto mkubwa unaoliletea maji ni Sibiti, upande wa kusini-magharibi. Upande huu wa Karatu kuna Mto Baray. Maji yakishaingia hayana njia nyingine ya kutoka ila kukaushwa na jua. Jua linachukua maji, chumvi na magadi vinabaki. Ndiyo maana ufuko wa Eyasi ni mweupe. Zamani Wasukuma walikuwa wakisafiri kwa misafara ya miguu, siku nyingi, kuja hapa kuchota chumvi. Misafara hiyo ilikuwa ikiendelea hata katika miaka ya 1930.

Tena ziwa hili halina kina kirefu. Utatembea mwendo mrefu majini na bado maji yako magotini. Kwa hiyo mvua ikizidi kidogo tu, ziwa linatanuka sana. Jua likizidi kidogo tu, linarudi nyuma sana. Katika miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, maji hufunika ufuko na viboko huonekana. Miaka ya ukame mkubwa ziwa hukauka karibu lote. Wadatoga huvuka na ng'ombe wao kwa miguu pale ambapo mwaka mwingine mtumbwi ulipita.

Sasa jiulize: ziwa likikauka, samaki wanakwenda wapi?

Mwulize mwenyeji wako swali hilo, kisha kalaleni. Kesho ni kuamka mapema.

ALFAJIRI

Amkeni saa kumi. Kunyweni chai ya moto. Chukueni tochi, maji ya kunywa, kofia, na kitambaa cha kushikia samaki. Maji ya kunywa msisahau, kwa sababu ya ziwani hayanyweki. Viatu vya ngozi viacheni nyumbani. Magadi huviharibu, na matope yatavichukua.

Kutoka kwenye miti ya mwisho hadi majini ni uwanja mtupu. Mwaka mmoja ni hatua chache, mwaka mwingine ni mwendo wa saa nzima. Mtasikia ardhi ikivunjika chini ya miguu kama ukoko wa ugali. Hayo ni magadi yaliyokauka. Baadaye ukoko unakuwa laini, halafu ni tope. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, mkimfuata mwenyeji. Yeye anajua tope la kukanyaga na tope la kukwepa. Mwaka wenye viboko, simameni kila baada ya muda mzime tochi na kusikiliza. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na alfajiri anarudi. Usisimame kati yake na maji. Watu wengi humcheka kwa umbo lake, lakini ni mnyama mwenye hasira na mbio.

Mtumbwi hausukumwi kwa kasia hapa, ila kwa pondo. Kina ni kifupi, kwa hiyo mti mrefu unafika chini. Mwenyeji wenu alitega nyavu jana jioni. Kazi ya asubuhi ni kuziinua. Fanyeni kazi hiyo kimya kimya na mkae chini, maana mtumbwi mwembamba haupendi watu wanaosimamasimama. Mmoja ainue wavu, mmoja atoe samaki, mmoja ashike pondo. Wa nne atoe maji yanayoingia. Kazi hiyo ya nne hakuna anayeipenda, ila ndiyo inayowarudisha nyumbani.

Jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mwanga wa kwanza haugusi maji. Unagusa ukuta wa mwamba upande wa ng'ambo, kule ambako nyanda za Serengeti zinakatika na kushuka hadi ziwani. Ukuta wote unakuwa mwekundu. Kisha mtawaona heroe, wale ndege wa miguu mirefu wenye rangi ya waridi, wakiwa wamesimama mstari mmoja mrefu. Hapo rafiki zako watataka kupiga picha. Wape dakika mbili, halafu warudi kwenye wavu.

SAMAKI WAWILI

Katika nyavu hizo mtapata hasa samaki wa aina mbili, kambale na perege.

Kambale mnamjua. Hana magamba, ana sharubu, na ana kichwa kigumu kama bakuli la mbao. Mshike kwa uangalifu. Kila upande, nyuma ya kichwa, ana mwiba. Ukimkamata ovyo atakukata, na kidonda cha mwiba wa kambale huchelewa kupona. Tia vidole nyuma ya miiba hiyo, ubane kichwa kwa kitambaa. Kambale ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ndiyo sababu hafi upesi akitolewa majini, na anaweza kujikokota kwenye majani yenye umande kutoka dimbwi moja hadi lingine. Mkitaka kumvua kwa ndoana, chambo chake ni minyoo au kipande cha ini. Wako wavuvi wanaoapa kwamba kipande cha sabuni ya kufulia ni bora kuliko vyote. Mimi nisingependa kula samaki wa namna hiyo, lakini kambale ana tamaa zake.

Perege wa Eyasi ni mdogo, na watu wengi humdharau. Wasimdharau. Samaki huyu hapatikani mahali pengine popote duniani ila Tanzania, katika maziwa machache ya magadi kama Eyasi, Manyara, Kitangiri na Singida. Wataalamu wamemjua kwa jina lake la kisayansi tangu mwaka 1905. Amezoea maji ambayo yangewaua samaki wengi wengine. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Mtazame perege jike anapotolewa wavuni. Mara nyingine atatema kitu kama punje za ulezi. Hayo ni mayai. Perege huyu hutaga, kisha mama huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka watoto watoke. Wakati huo mama hali. Ukimvua yeye umevua na kizazi chote kilichokuwa mdomoni. Mwenyeji wenu akimkuta jike wa namna hiyo bado ana nguvu, atamrudisha majini bila kusema neno. Msimwulize kwa nini anatupa kitoweo.

PALE MTAKAPOBISHANA

Sasa tumefika kwenye lile jambo.

Nyavu zimeinuliwa. Mmepata kambale saba na perege wa kujaza nusu ndoo. Si haba, lakini mmekuwa mkitarajia zaidi. Gari la kuja hapa mmelilipia. Mmoja wenu ameahidi samaki kwa mama mkwe. Ndipo yule rafiki yenu mwenye macho makali ataonyesha kidole upande wa mdomo wa mto. Pale maji yana rangi nyingine. Pale kambale wanapanda juu kuvuta hewa, mmoja baada ya mwingine, bup, bup, kama chungu cha maharage kinachochemka.

"Mzee," atasema, "kwa nini tunahangaika huku? Tuvuke na wavu pale kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa nusu saa tumejaza mtumbwi."

Mzee atashikilia pondo.

"Hapana, mwanangu. Pale hatutegi."

"Kwa nini, mzee?"

Hapo ndipo jibu la swali la jana usiku linapopatikana. Kiangazi maji ya ziwa yanapungua, na chumvi iliyomo inazidi kuwa kali. Samaki wanasogea pale maji baridi yanapoingia, kwenye midomo ya mito na penye chemchemi. Mwaka wa ukame mkubwa, ziwa likikauka, hao waliojibana hapo ndio wanaobaki. Mvua ikirudi, kambale wanapanda na maji ya kwanza kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa, na ziwa linajaa tena samaki. Wanatoka kwa hao wachache. Hakuna anayewaleta kwa lori.

"Wewe ni mkulima wa vitunguu?" mzee atamwuliza rafiki yenu. "Ukivuna unauza vyote? Huachi vingine vitoe maua upate mbegu?"

Rafiki yenu naye ana jibu. "Tusipovua sisi, mzee, watavua wengine usiku."

Ndugu msomaji, hoja hii si ya kipumbavu. Ni kweli, wako wanaotega pale usiku, na wako wanaokuja na vyandarua na kuchota hata vifaranga vya samaki. Mtu mwenye watoto wenye njaa haoni mwakani, anaona leo. Wala mvuvi peke yake si wa kulaumiwa. Mto Baray unashuka na udongo mwingi uliochukuliwa mashambani, na udongo huo unajaza ziwa ambalo tayari halina kina. Maji ya chemchemi nayo yanagawanywa mashambani kwa mifereji. Kila kitunguu kizuri unachokiona sokoni kimekunywa maji ambayo yangeweza kufika kwa samaki. Hatusemi watu waache kulima vitunguu. Tunasema mkulima na mvuvi wanakunywa katika kikombe kimoja, na mara nyingi hawakai katika mkutano mmoja.

Lakini kwamba jirani anaiba si sababu ya wewe kuiba naye. Katika mtumbwi huu mko wanne na mzee mmoja. Amueni. Sisi tungesema geuzeni.

UVUVI WA ZAMANI SANA

Kama mkigeuza, mtakuwa na muda wa mazungumzo njiani. Mweleze rafiki yako aliyenuna habari hii.

Juu ya ule ukuta wa mwamba, mbele zaidi, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kuna Bonde la Oldupai. Hapo mwaka 1959 Bibi Mary Leakey aliokota fuvu maarufu la Zinjanthropus. Watu wengi wamesikia habari za fuvu hilo. Wachache wamesikia habari za mifupa ya samaki. Oldupai ya leo ni kavu, lakini kiasi cha miaka milioni 1 na laki 8 iliyopita palikuwa na ziwa. Nalo lilikuwa ziwa la chumvi, la kina kifupi, lililotanuka na kurudi nyuma, yaani ndugu yake Eyasi. Katika tabaka za udongo za wakati huo wataalamu wamekuta mifupa ya kambale na ya samaki wa jamii ya perege, karibu na mawe yaliyochongwa. Mtaalamu Kathlyn Stewart aliichunguza mifupa hiyo, na mwaka 1994 aliandika kwamba viumbe wa kale walikula samaki pia.

Je, walivua kwa nini, na hawakuwa na wavu wala ndoana? Hawakuvihitaji. Kambale akipanda kutaga kwenye maji ya kifundo cha mguu, au akibanwa kwenye dimbwi linalokauka, hukamatwa kwa mikono. Ni udhaifu uleule aliouona rafiki yako asubuhi hii pale mdomoni mwa mto. Tofauti ni kwamba wale wa Oldupai walikuwa wachache, tena mikono mitupu. Wavu wa nailoni haulali wala hauchoki.

KURUDI

Fikeni ufukweni kabla ya saa tatu. Upepo ukianza, ziwa la kina kifupi huchafuka upesi, na mawimbi mafupi hujaza mtumbwi kuliko marefu. Hata kama maji ni ya kiunoni, mtu aliyenasa katika tope na wavu anaweza kufa hapo.

Pasueni samaki hapohapo kivulini. Kambale msugueni kwa majivu mpaka ule utelezi wote utoke, kisha mwosheni. Toeni matumbo yote. Wa kula leo mchemsheni na vitunguu vya hapo, nyanya na ndimu. Wa kubeba mpakeni chumvi au mkausheni kwa moshi, maana bila barafu hawatafika Karatu salama katika joto la bonde. Mlipeni mzee haki yake kabla ya kugawana. Mtumbwi ni wake na nyavu ni zake.

Mwenyeji wa Kidatoga akiwapita na ng'ombe wake, mkaribisheni. Huenda akacheka na kukataa. Wafugaji wengi wa sehemu hizi walilelewa bila kula samaki, na wako wazee ambao mpaka leo humwona samaki kuwa ndugu wa nyoka. Vijana wao wengi siku hizi wanakula.

Mchana pandeni gari. Njiani mtaanza kuvaa makoti mmoja mmoja. Wale kambale saba mkiwagawana, kila mmoja anapata mmoja, mzee wawili, na mmoja anabaki. Mpelekeeni mama mkwe.